Jiko Halipashi Gereji Moto

Kila mwaka ikifika Juni, wasee tunaofanya kazi za mikono nyumbani huanza kuulizana swali moja: wewe unapasha karakana yako na nini? Mwaka huu nimeulizwa na fundi viatu wa Umoja, na dada anayechapisha fulana kwenye sebule yake Donholm, na kijana wa Kayole anayetengeneza spika kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ploti yao. Wote nawajibu kwamba sipashi. Wanacheka. Wanadhani nimeomoka nikanunua heta ya stima, ama nimezoea baridi kama mtu wa Nyandarua. Sijaomoka na sijazoea. Nimeacha tu kuwasha jiko ndani ya gereji, nataka na nyinyi muache, na pia nataka kugombana na wale wanaotuambia tuache, kwa sababu wanatuambia vibaya.

Gereji yenyewe iko Buruburu. Mzee aliijenga kwa mabati pembeni mwa nyumba ili Peugeot 504 yake isilale nje. Gari liliuzwa zamani, mzee akatuacha, na mimi nikarithi chumba cha mita tatu kwa tano: sakafu ya simiti, mabati juu, mabati pande mbili, lango la chuma. Humo natengeneza stuli, stendi za TV, fremu za vioo, na meza za kahawa za watu wa Instagram wanaotaka kitu kionekane kama kimetoka Uswidi ilhali kimetoka Phase Three.

Mabati ya geji 30 ni chuma chembamba kisichofika hata nusu milimita. Mchana wa Februari chuma hicho hugeuza gereji kuwa oveni. Usiku wa Julai, hasa mawingu yakifunguka kidogo, hurusha joto lote juu angani, na kufikia alfajiri kimekuwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka. Unyevu wa ndani hukigusa ukageuka maji. Nikifungua lango asubuhi nakuta matone yananing'inia juu, mengine yameshaanguka kwenye meza niliyoipiga msasa jana. Mara ya kwanza niliita fundi wa paa. Akapanda, akashuka, akaniambia paa halivuji, gereji yako inatoka jasho.

Halafu kuna kazi yenyewe. Baridi haiumizi vidole tu. Gundi nyeupe ya mbao inakuwa nzito na inachukua muda mrefu kushika, na ukiiharakisha kiungo kinafunguka mteja akiwa ameshapost picha. Vanishi ya kupuliza ndiyo mbaya zaidi. Thina inaporuka huupoza uso wa mbao, unyevu wa hewa unatua hapo kabla vanishi haijakauka, na meza ya mahogani inafanya ukungu mweupe kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Unakwangua, unaanza upya. Mteja anataka Ijumaa. Ndiyo maana fundi anawasha jiko. Hawashi kwa sababu ni mjinga, anawasha kwa sababu dipositi ilishaliwa.

Nilikuwa nawasha pia. Alhamisi moja ya Julai, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa na kijana ninayemfundisha kazi na tulikuwa na viti sita vya kumaliza. Manyunyu yalikuwa yameanza tangu alfajiri. Nilinunua makaa kwa mama wa kona, nikawasha jiko nje kama inavyotakiwa, nikalipepea hadi moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, ndipo nikaliingiza ndani. Hiyo ya kuwasha nje kwanza ndiyo iliyonipa ujasiri. Nililelewa nikiambiwa kwamba sumu iko kwenye moshi, makaa yakishakuwa mekundu ni safi. Nikafunga lango kwa sababu ya upepo, nikaacha upenyo wa ngumi moja chini. Kando ya jiko nikaweka sufuria ya maji, kwa sababu jirani aliniambia maji hunywa ile sumu. Kwa ufupi, nilifanya kila kitu ambacho mtu mwangalifu wa mtaa wetu hufanya.

Saa tano tulikuwa tunacheka. Saa sita kichwa kikaanza kuniuma, hapa mbele, kama kofia inayobana. Nikalaumu thina. Kijana akasema anasikia kutapika, nikalaumu smokie aliyokula njiani. Gesi hii ndivyo inavyokupata: kabla haijakugusa mwili inakuchukua akili, na ile akili ambayo ingekwambia toka nje ndiyo ya kwanza kulala. Kijana akaenda kuchukua msasa upande wa pili akapiga magoti. Hakuanguka kwa kishindo. Alipiga magoti polepole kama mtu anayeenda kuomba, akabaki hapo. Nilitaka kucheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilitaka kucheka, na nakumbuka niliiambia miguu yangu isimame, ikakataa.

Mathe ndiye aliyetuokoa, na wala hakuwa anatuokoa, alikuwa anatuletea chai. Aligonga mara tatu, akavuta lango akifoka. "Nagonga hapa kama kanjo na hamsikii?" Halafu akanyamaza. Sijui alituburuta vipi, mwanamke wa miaka sitini na nne mwenye goti bovu. Nakumbuka manyunyu usoni na chai iliyomwagika ikitoa mvuke kwenye simiti.

Hospitalini nesi hakuuliza mengi. Alitazama vumbi la mbao kwenye nguo zetu akauliza, "Jiko?" Nikasema ndiyo. Akamvalisha kijana barakoa ya oksijeni, halafu mimi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kaboni monoksaidi hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, damu inaichagua yenyewe. Ukipumua hewa ya kawaida, inachukua saa nne hadi sita kwa nusu tu ya sumu hiyo kutoka. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu. Nililala pale nikihesabu.

Jioni nilimrudisha kijana kwao Kariobangi. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikupa akiwa mzima, baba." Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo nikisema jiko halipashi gereji moto sisemi kama mtu wa mabango. Na acha nianze na sisi wenyewe kabla ya kwenda kwa wengine, kwa sababu hekima yetu ya mtaani kuhusu jiko karibu yote ni uongo.

Makaa mekundu si safi. Makaa mekundu ndiyo kiwanda. Hewa inapopita katikati ya makaa yenye moto mkali bila kutosheka, ndipo gesi hiyo inapotengenezwa, na haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Moshi wa kuni angalau unakuwasha macho hadi unatoka mwenyewe. Jiko lisilo na moshi limekuondolea mlinzi. Sufuria ya maji haifanyi chochote, gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukusaidia. Upenyo wa chini ya lango nao hautoshi, kwa sababu hewa haizunguki kwa tundu moja: inataka pa kuingilia na pa kutokea, moja chini, lingine juu, na uso kwa uso kama unaweza. Na wale wanaosema gereji yao ni kubwa, mimi yangu ilikuwa na nafasi ya Peugeot.

Nimesahau thina. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni, na jiko mnaliweka wapi? Sakafuni. Siku ile sisi tulikuwa bado hatujafungua mkebe. Tungefungua, nesi hangekuwa na kazi ya oksijeni.

Kuna jambo lingine la kuchekesha kama si la kusikitisha. Jiko tunalolitumia karibu sote, lile lenye udongo ndani na bati la kiuno chembamba nje, lilienea kuanzia miaka ya 1980, na mafundi wa Shauri Moyo, hapa hapa Eastlands, walikuwa miongoni mwa walioanza kulitengeneza kwa wingi. Lilisifiwa dunia nzima kwa kupunguza makaa. Sasa lilipunguzaje? Kwa huo udongo. Udongo unazuia joto lisitoroke pembeni, linapanda juu kwenye sufuria. Yaani ni chombo kilichobuniwa makusudi kisipashe chumba. Joto lake linapanda moja kwa moja hadi kwenye mabati, na mabati yanalipa mbingu. Unabaki na gesi.

Haya, sasa wenye mabango. Kila Julai simu yangu hujaa picha ile ile ya jiko lililopigwa mstari mwekundu, na maneno: usilale na jiko ndani ya nyumba. Ni kweli, hakuna anayebisha. Lakini sikiliza linavyosema. Linasema usilale. Sisi hatukuwa tumelala, tulikuwa kazini, mchana, macho wazi, redio inaimba. Kwa miaka yote niliyosoma tangazo hilo nilielewa kwamba hatari ni usingizi, kwamba mtu aliye macho atahisi kitu na kutoka. Fundi cherehani anayefunga kibanda chake saa mbili za usiku akimalizia sare za shule hasomi tangazo hilo akajiona ndani yake. Wala kinyozi. Wala mama anayefuma sweta chumbani, na ukifikiria, hao wanaofuma sweta za kutukinga baridi ndio wanaokaa kwenye baridi kuliko wote.

Halafu likishasema usifanye, linanyamaza. Ufanye nini? Hakuna. Na chini ya habari za msiba, familia imekutwa asubuhi, utaona maoni: watu hawasikii, huu ni ujinga, mara ngapi tumewaambia. Wanaoandika hivyo wameshika kikombe cha kahawa kwenye jengo lenye kuta za mawe na dari. Mtu hawezi kuambiwa kwamba tatizo lake ni jiko wakati tatizo lake ni baridi. Jiko ni jibu baya kwa swali la kweli, na nyinyi mnapiga mstari kwenye jibu na kulificha swali.

Sababu ya kulificha ni kwamba jiji hili linajifanya halina baridi. Tunauza jua. Mtu akitoka Oslo akaambiwa Nairobi ya Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12 alfajiri, anacheka. Lakini yeye nyuzi 12 anakutana nazo nje, akitoka dukani kwenda nyumbani. Sisi tunazikuta kitandani. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na jina lenyewe la jiji limetokana na Kimaasai, maji baridi. Wamaasai walitembea hapa wakasema waziwazi. Sisi tumejenga mji mzima juu ya onyo hilo, kwa mabati.

Si kweli hata kwamba waliojenga hawakujua. Nenda Muthaiga, nenda Karen, nenda kwenye nyumba za zamani za Lavington ambazo bado hazijabomolewa kupisha maghorofa. Angalia juu ya paa. Utaona dohani. Ndani kuna mahali pa kuwashia kuni ukutani, kwenye sebule, si jikoni, na moshi na kila kilichomo ndani yake hupanda na kutoka nje. Wakoloni walihisi baridi ya Nairobi vizuri kabisa, wakaitengea tundu kwenye ramani. Sasa rudi huku. Nimezaliwa Eastlands na nimebeba fanicha kuingiza kwenye nyumba zisizohesabika, Maringo, Umoja, Kayole, Dandora, Komarock, na sijawahi kuweka stendi ya TV kwenye sebule yenye dohani. Dandora ilipogawanywa viwanja miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mtu alipewa kiwanja, choo na bomba la maji, mengine ajijengee. Joto halikuwa kwenye orodha, na tangu hapo halijawahi kuingia kwenye orodha yoyote.

Kilichokuwepo kwenye nyumba za zamani za halmashauri ni matundu ya hewa juu ya dirisha, yale yasiyofungika. Hayo yaliwekwa kwa busara. Nenda ukayaangalie sasa: yamejazwa magazeti, matambara, mifuko ya unga. Wenyewe tumeyaziba kwa sababu ya baridi, halafu tukawasha jiko. Sijui nimlaumu nani hapo, na nimejaribu.

Hata jina la kazi yetu linatudanganya. Jua kali. Mafundi wa Kamukunji waliitwa hivyo kwa kuchomwa na jua wakigonga mabati nje, na Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 aliwaahidi vibanda vya kuwakinga. Vikajengwa, paa na nguzo. Kwa jua, paa na nguzo zinatosha. Hakuna aliyefikiria kuhusu Julai, kwa sababu nani anawafikiria watu wa jua kali wakitetemeka?

Naona baadhi yenu mnataka kuniambia habari ya heta. Nimepiga hesabu. Heta ya wati 2,000 ikikaa saa sita inakula yuniti 12. Kwa bei ya tokeni siku hizi hiyo ni zaidi ya mia tatu kwa siku, ndani ya chumba cha mabati ambacho hakishiki joto hata kwa dakika kumi ukishazima. Heta ya gesi je? Mbali na kwamba nayo inakula hewa, kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kama mvuke. Mtungi wa kilo 13 ukiisha umemwaga karibu lita 20 za maji kwenye hewa ya gereji yako. Yote yanatafuta mabati na vanishi yako. Nilimwona jamaa wa Komarock aliyenunua moja kwa bei kubwa, na meza zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu.

Kama hutumii thina wala petroli, kama ni viatu vya kushona ama cherehani, na lazima uone moto, basi tengenezewa jiko lenye bomba la moshi linalotoka nje kupitia ukutani ama paani. Mafundi wa chuma wa Kariobangi Light Industries watakukunjia bomba hilo ukiwachorea. Hata hapo acha tundu la hewa chini. Zaidi ya hapo sina la kutetea moto.

Mimi nilifanya hesabu nyingine. Nilikuwa nanunua mikebe miwili ya makaa kwa siku, shilingi 200. Siku 26 kwa mwezi, Juni hadi Agosti: shilingi 15,600. Nilikuwa nalipa pesa hizo kila mwaka kupasha mbingu za Buruburu. Msimu uliofuata ile Alhamisi nilizichukua kabla hazijawa makaa, nikanunua mbao mbili kwa mbili za saiprasi na bodi sita za gipsamu, nikapiga dari. Ilinila elfu kumi na mbili na kidogo, kazi nilifanya mwenyewe na kijana kwa wikendi mbili. Nafasi ya hewa kati ya dari na mabati ndiyo inayofanya kazi, hewa iliyotulia ni blanketi. Msitumie zile polistirini nyeupe zinazokuja na TV, najua ni za bure, lakini cheche moja ya grainda na umejichomea nyumba. Pembeni, kwenye kuta mbili za mabati, nimeacha nafasi vilevile na kupigilia mabaki ya plaiwudi. Chini ya meza ya kazi nimepanga paleti na plaiwudi juu yake, kwa sababu simiti hunyonya joto kwa miguu na hicho ndicho kitu ambacho watu hawakishuku kabisa. Halafu nikatoboa. Ndiyo, nilipomaliza kuziba nikatoboa: tundu moja chini karibu na lango, lingine juu ukuta wa pili, yote na wavu wa panya. Watu wakiyaona wanashangaa, umeziba ili utoboe? Nimeziba joto lisitoke juu. Hewa siizibi.

Gereji haijawa na joto. Nisiwadanganye. Imeacha tu kuniibia langu. Asubuhi hakuna matone. Kazi ya kupasha mwili nimeiachia mwili: fulana ya ndani, sweta, koti la Gikomba lililoshonwa kwa ajili ya mtu wa Ujerumani na likanifikia mimi kwa mia nne, soksi mbili. Chupa ya maji moto ndani ya koti, tumboni, inakaa saa mbili. Glavu zisizo na vidole, lakini ukiwasha msumeno wa mashine unazivua na unakunja mikono ya sweta, hilo si la kujadili. Chupa ya gundi inakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kutumika. Vanishi napuliza kati ya saa tano na saa tisa, lango wazi, na siku ya manyunyu sipulizi kabisa.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigharimu kuliko dari. Siku ya manyunyu kutopuliza maana yake ni Ijumaa kuwa Jumatano ijayo. Kwa hiyo kila oda ya Juni hadi Agosti nimeongeza siku nne, nimeandika juu kabisa ya ukurasa wangu, na nimepoteza wateja. Mmoja aliniandikia kwamba fundi mwingine amemwahidi siku tatu. Nilitaka kumuuliza fundi huyo anapasha na nini. Ninyi mnaosoma hapa, wengi wenu ndio wateja wetu. Ndio mnaotuma "lini?" na alama tatu za kuuliza, saa tatu usiku, wiki ya pili ya Julai. Sisemi msitume. Nasema ile jumbe yenu inafika ndani ya chumba cha mabati kilichofungwa, na kuna mtu humo anaisoma kisha anageuka kuangalia jiko.

Nao wenye ploti wanaokodisha vibanda vya mabati kama karakana, elfu nne, elfu sita kwa mwezi, bila dari, bila tundu, na sheria kwamba mpangaji asigonge msumari ukutani: kijana wa Kayole wa spika alimwomba wake ruhusa ya kupiga dari kwa pesa zake mwenyewe. Akaambiwa akitoka asiing'oe, na kodi itapanda kwa kuwa sasa chumba kina dari.

Wazee wa kazi wananiambia, sisi tumewasha miaka thelathini na tuko hapa. Naheshimu mvi zao. Lakini wanaoweza kunijibu hivyo ni wale walio hapa. Wengine hawajapata nafasi ya kutoa maoni.

Kijana alirudi kazini, kama mnataka kujua. Ilimchukua wiki tatu, na mama yake alikuja kwanza peke yake, akazunguka gereji, akaweka kiganja kwenye tundu la juu kuhisi kama kweli hewa inapita. Hakusema kitu. Kesho yake kijana akaja na makoti mawili.

Mkabala na sisi, ng'ambo ya barabara, kuna fundi wa makochi. Ni mtu mzuri, alinisaidia kubeba jeneza la mzee. Juzi saa moja asubuhi niliona mwanga mwekundu kwenye upenyo wa mlango wake na nikavuka. Nikagonga, nikafungua. Alikuwa na wanawe wawili, wamefunga shule, wanamkatia sponji, wamelizunguka jiko. Mkebe wa gundi ulikuwa wazi kando yake. Nikaanza kumweleza, dari, matundu, gundi, na nilipofika kwenye habari ya kijana wangu akaniinulia mkono, kwa upole kabisa.

"Nimekusikia, ndugu yangu," akasema. "Lakini funga mlango basi, unawaletea watoto baridi."